Nguo chache, kazi siku sita: hesabu ya kabati la mfanyakazi wa Pwani

Mshahara wa kwanza huwa na wadai wengi kabla haujaingia benki. Kuna nauli, kuna kodi ya nyumba, kuna cha kuwapelekea wazee, na siku hizi kuna jambo jingine ambalo vijana wetu wanalitaja sana: nguo za kazini. Nawasikia wakiulizana ndani ya tuktuk na kwenye kivuko cha Likoni. Mmoja ameitwa kazi hoteli, mwingine amepata mkataba wa miezi mitatu katika ofisi ya kaunti, na swali ni lile lile. Nitavaa nini juma zima bila watu kusema nina nguo moja?

Leo, ndugu msomaji, nataka tulifanyie hesabu swali hilo. Mimi nilisomea stashahada ya uhasibu na nimefanya kazi za ofisi hapa Mombasa kwa miaka mingi. Mtaalamu wa mitindo si mimi. Lakini nguo nazo ni mali, na wahenga walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Fikra ya kabati dogo

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana jina la jambo hili. Wanaliita kabati la kapsuli. Kapsuli ni kile kidonge kidogo ambacho ndani yake dawa yote imo. Jina hilo lilienezwa miaka ya 1970 na Susie Faux, mwanamke aliyekuwa na duka la nguo jijini London. Mwaka 1985 mbunifu wa New York, Donna Karan, akatoa mkusanyo wa vipande saba tu vya kumvisha mwanamke wa kazi kutoka asubuhi hadi usiku, na fikra ikazidi kujulikana.

Maana yake ni nyepesi. Unakuwa na nguo chache, nzuri, na kila moja inakubaliana na nyingine. Mwenye blauzi 4 na sketi 3 zinazopatana zote ana mavazi 12 tofauti. Mwenye blauzi 20, kila moja ikitaka sketi yake maalumu, ana mavazi 20 kwa vipande 40, na ikikosekana sketi moja kwa kuwa haijakauka, vazi zima limekwama.

Hadi hapo tunakubaliana. Tatizo ni kuwa hesabu ya London haifai Likoni. Mtu wa nchi ya baridi anavaa koti au sweta siku nyingi mfululizo bila kulifua. Sisi hapa, miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, shati limeshika mgongo kabla hujafika Mwembe Tayari. Kwa hivyo kwetu kinachoamua idadi ya nguo si misimu minne wala mitindo. Ni kufua. Anayenakili orodha za mitandaoni atajikuta ana makoti matatu asiyoyavaa na mashati manne yasiyomtosha juma.

Kwanza, daftari

Kabla ya kununua chochote toa nguo zako zote uziweke kitandani. Zigawe mafungu matatu: zile unazovaa kila juma, zile ambazo ungezivaa kama zingerekebishwa, na zile ambazo hujazigusa tangu Idd iliyopita. Fungu la pili ndilo watu hulidharau, na ndilo lenye pesa zako. Suruali iliyokatika zipu, gauni lililochanika pindo, koti lililokupwaya baada ya kupungua mwili, zote hizo zinaweza kurudi kazini kwa gharama ya fundi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Halafu uliza kazini kanuni za mavazi. Uliza mapema na, ikiwezekana, upate majibu kwa maandishi. Kuna ofisi zinazotoa sare, kuna zinazotaka rangi fulani, kuna zinazotaka viatu vya kufunika vidole. Ni hasara kununua nguo za miezi sita kisha ukaambiwa sare inakuja.

Kwa dada zetu wanaovaa hijabu, ni vyema kujua pia sheria imesimama wapi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kuwa mtu hatanyimwa kazi kwa sababu ya imani au dini yake. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza ubaguzi wa kidini kazini. Hilo halimaanishi kuwa mwajiri hawezi kuweka utaratibu. Anaweza, kwa mfano, kuomba mtandio uwe wa rangi ya kampuni, au usiwe na ncha zinazoning'inia karibu na mashine. Mambo kama hayo huzungumzika, na yakizungumzwa kabla ya siku ya kwanza huwa mepesi zaidi.

Hesabu ya kufua

Hii ndiyo kanuni ninayoitumia. Nguo inayogusa mwili moja kwa moja, yaani shati, blauzi, fulana ya ndani au mtandio, huvaliwa siku moja ikafuliwa. Basi hesabu siku kati ya kufua na kufua, kisha ongeza mbili. Moja ni ya siku ambayo mvua imenyesha na nguo hazikukauka, ya pili ni ya ajali, kama chai kumwagika.

Tuseme unafanya kazi siku sita na unafua Jumapili peke yake. Sita ongeza mbili ni nane. Unahitaji mashati manane. Lakini ukifua Jumapili na Jumatano jioni, kati ya kufua na kufua kuna siku tatu. Tatu ongeza mbili ni tano. Jioni moja ya beseni na kamba imekupunguzia mashati matatu ya kununua. Kwa kijana anayeanza maisha hiyo si akiba ndogo.

Nguo ya chini, yaani suruali au sketi, huvaliwa mara mbili kabla ya kufuliwa, ila isivaliwe siku mbili mfululizo. Itundike ipigwe na hewa usiku, uivae kesho kutwa. Kwa siku sita za kazi, tatu zinatosha. Koti, kama kazi yako inalitaka, ni moja tu, kwa sababu utalivaa ndani ya ofisi yenye kiyoyozi na kulivua ukitoka.

Orodha tatu

Mwanamke anayevaa buibui kazini tayari ana msingi wa kabati dogo, kwa kuwa vazi la juu ni moja na halimuulizi maswali asubuhi. Atosheke na mabuibui matatu ya kazi: mawili meusi na moja la rangi iliyotulia, kama buluu ya usiku au kijivu. Aongeze mitandio mitano, kwa kuwa ndiyo inayoshika jasho la paji la uso na shingo. Ndani awe na nguo nyepesi tano za pamba. Hapo ndipo wengi hukosea mpango. Fedha zote huenda kwenye buibui la nje lenye vito, na ndani wanavaa kitu kizito kinachowachemsha mchana kutwa. Buibui la kazi lisiwe na mapambo mengi mikononi. Vito hunasa kwenye meza, hutoka mmoja mmoja, na buibui likitoka vito vitatu linaonekana limechakaa hata kama kitambaa ni kipya.

Mwanamke anayevaa sketi au suruali awe na blauzi tano, nguo za chini tatu, gauni moja refu la kazi na koti jepesi au sweta la kufungua mbele. Mitandio kama anajifunga, hesabu yake ni ile ile ya kufua.

Mwanamume awe na mashati matano, suruali tatu, koti moja ikiwa kazi inataka, na kanzu mbili safi. Kanzu naihesabu kwa makusudi. Ofisi nyingi za Mombasa zinamkubali mtu na kanzu yake siku ya Ijumaa, na kanzu iliyopigwa pasi ni vazi la heshima kuliko suti yoyote. Ikiwa ofisi yako inakubali, Ijumaa imeshatoka kwenye hesabu ya mashati.

Kwa wote, viatu ni jozi mbili. Jozi moja ikivaliwa kila siku haipati nafasi ya kukauka jasho, na ngozi hupasuka au kuota ukungu. Jozi mbili zikipokezana hudumu zaidi ya mara mbili ya moja. Weka na ndara kwenye mkoba miezi ya masika, uvuke nazo madimbwi kisha uvae viatu ukifika mlangoni.

Rangi

Vipande haviwezi kupatana bila mpango wa rangi. Chagua rangi mbili za msingi za nguo za chini na koti, kwa mfano buluu ya usiku na kahawia, au nyeusi na kijivu. Kisha chagua rangi tatu za juu ambazo kila moja inakaa na zote mbili za msingi. Jaribio lake ni rahisi. Shika kila shati uliweke juu ya kila suruali. Shati likikataa suruali hata moja, si la kabati hili, hata liwe zuri vipi.

Wengine wataniambia kuwa hapo tutakuwa kama sare za shule. Sidhani. Pwani tuna mapambo ya kutosha: mtandio, kofia ya mkono, kitenge cha blauzi moja. Nguo yenye maua iwe juu, ya rangi moja iwe chini, na kila siku itakuwa na sura yake. Na ukweli ni kuwa wenzako kazini hawakuhesabii nguo zako kama unavyodhani. Wanachokiona haraka ni shati lisilopigwa pasi na kola iliyobadilika rangi.

Kitambaa na joto letu

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Nguo mbili zinaweza kufanana dukani, moja ikakupumzisha na nyingine ikakutoa jasho hadi jioni. Pamba na kitani hunyonya jasho na kupitisha hewa. Viskosi, ambayo hutokana na miti, nayo ni laini na ya baridi mwilini, ila hulegea ikiloa, ifuliwe kwa upole. Poliesta ni plastiki iliyosokotwa uzi. Uzuri wake haikunjiki na hukauka upesi. Ubaya wake haimezi jasho, na harufu hushika kwapani hata baada ya kufua. Vitambaa vingi vya abaya, ikiwemo nida tunayoipenda, ni poliesta. Kwa vazi la nje linalopwaya si vibaya, kwa kuwa hewa inapita chini. Kwa nguo ya kubana mwili, epuka.

Kitambulisho cha ndani ya nguo kitakuambia ni kitambaa gani. Kikiwa kimekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, nenda nao nyumbani uuchome juu ya sahani. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kipunje kigumu. Wa sufi ya kondoo au hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Ukimnunulia fundi kitambaa, fanya jaribio hili kabla hakijakatwa.

Mitumba, fundi au duka?

Hesabu ninayowaomba muijue ni gharama ya kila kuvaa. Chukua bei ya nguo, ongeza ya fundi kama ipo, gawa kwa mara utakazoivaa. Tuseme koti limekugharimu shilingi 3,000. Ukilivaa mara mbili kwa juma, majuma 50 kwa mwaka, miaka miwili, ni mara 200. Kila kuvaa ni shilingi 15. Tuseme tena blauzi ni ya shilingi 400, lakini baada ya kuvaliwa mara 10 imepauka na mshono umeachia. Kila kuvaa ni shilingi 40. Blauzi ya bei rahisi imekuwa ghali kuliko koti. Ndiyo maana nguo rahisi humfanya mtu aende sokoni kila mwezi na kabati lisijae.

Kwa bei na ubora, mitumba ya Kongowea bado haina mshindani, hasa kwa makoti, suruali na mashati ya pamba. Robota likifunguliwa, zile za kwanza nzuri huitwa kamera, na zile za mwisho huitwa fagia. Kwa nguo za kazi ni bora kamera moja kuliko fagia tano. Ukiichukua nguo mkononi, ikague katika mwanga wa jua: kwapa, kola, katikati ya miguu, zipu na mifuko. Kisha geuza pindo uone kama kuna kitambaa cha akiba. Nguo kubwa hupunguzwa, ndogo haiongezeki.

Fundi cherehani ndiye atakayekufanyia nguo ya mitumba iwe yako. Kupunguza kiuno, kufupisha mkono na kubadilisha vifungo ni kazi ndogo kwake, na kwako ndiyo tofauti ya kuonekana umeazima na kuonekana umeshonewa. Kwa nguo mpya, nunua kitambaa Barabara ya Biashara kwa mita na umpelekee. Mwambie aache inchi mbili kwenye pindo, aweke mfuko unaoingia simu, na bitana ya koti iishie nusu mgongo kwa sababu ya joto. Mshonee kwanza kipande kimoja. Kikikukaa, mpe viwili vingine kwa vipimo hivyo hivyo. Na mtajie siku ya kuchukua ambayo ni juma moja kabla ya siku unayoitaka, kwa kuwa sote tunaijua "kesho" ya mafundi wetu.

Kuna sababu nyingine ya kumlea fundi. Machi 2020 serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, na hadi Agosti ndipo ilipofunguliwa. Aliyekuwa na fundi na kitambaa chake hakutikisika.

Mkopo, sare na nguo ya Idd

Binti wa kaka yangu alipopata kazi ya kwanza, ofisi ya kutoa mizigo bandarini, alinijia usiku na simu mkononi.

"Shangazi, nimeona mkopo wa simu wa elfu kumi. Nikinunua nguo sasa, mshahara ukiingia nalipa."

"Utalipa ngapi?"

Akatazama. Mwezi ukiisha ilikuwa elfu kumi na moja na zaidi, na akichelewa inapanda tena. Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo ya juu ni riba, na wewe hata kazini hujakaa. Lete nguo zako hapa tuzitazame kwanza."

Tulizitazama. Alikuwa na mabuibui mawili mazuri, mitandio zaidi ya kumi, na nguo za ndani hazikumtosha. Alichohitaji ni fulana tatu za pamba, viatu vya kufunika vidole na fundi wa kuondoa vito mikononi mwa buibui moja. Havikufika hata nusu ya mkopo, na babake akamsaidia. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ya mkopo wa riba haiko mbali na hiyo.

Tundu jingine la fedha ni sare za arusi. Simkatazi mtu kumfurahia nduguye. Lakini mwenye arusi nne kwa mwaka ana mavazi manne ambayo hayatavaliwa tena. Ukipewa kitambaa cha sare, mwambie fundi akishone kwa mkato utakaoweza kuuvaa ofisini: mkono mrefu, shingo ya kawaida, bila mkia wa nyuma. Hali kadhalika nguo ya Idd. Tunavaa mpya kwa sunna na furaha, na hakuna kinachozuia nguo hiyo hiyo iingie kazini Jumatatu inayofuata. Mwenye kupanga Idd mbili za mwaka kwa hesabu ya kabati anaweza kukamilisha orodha yake bila kugusa bajeti ya miezi mingine.

Kutunza ndiko kununua mara ya pili

Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Sabuni haitoi povu, mtu anaongeza sabuni, na nguo nyeupe inabaki na ugumu na rangi ya manjano. Kama una maji matamu machache, fulia kwa ya kisima na suuza ya mwisho kwa matamu. Nguo nyeusi zigeuze ndani nje, zianike kivulini penye upepo. Jua letu huua buibui jeusi kuliko miaka. Kola na kwapa zipake sabuni ya kipande nusu saa kabla ya kufua, usizisugue kwa brashi ngumu.

Miezi ya mvua, ukungu huingia kabatini. Usitundike nguo yenye unyevu hata kidogo, acha nafasi kati ya nguo na nguo, na fungua milango ya kabati siku za jua. Viatu vijaze karatasi za gazeti usiku zinyonye maji. Na udi, tunaoupenda sote, fukiza nguo iliyo safi na kavu. Udi juu ya jasho haufichi kitu.

Kuwe na kopo la sindano, nyuzi za rangi zako tano na vifungo vya akiba. Kifungo kikishonwa leo ni kazi ya dakika tano. Kikisahaulika, shati linahamia fungu la pili na unanunua jingine.

Nguo tunazotupa zinakwenda wapi?

Shirika la WWF limekuwa likieleza kuwa fulana moja ya pamba hutumia takriban lita 2,700 za maji tangu shambani. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi wa lita 20 tunaweza kuielewa hesabu hiyo vizuri: ni mitungi 135, kwa fulana moja. Nguo ikitupwa baada ya kuvaliwa mara kumi, maji hayo yote yametupwa nayo.

Na haitupwi mbali. Taka za mji zilikuwa zikimwagwa Kibarani, pembeni mwa bahari, sasa zinapelekwa Mwakirunge, ambako pia kuna watu wanaishi. Pamba huoza baada ya muda. Poliesta, kwa kuwa ni plastiki, hukaa miaka mingi sana, na hata wakati wa kuifua hutoa nyuzi ndogondogo zisizoonekana kwa jicho ambazo hufuata maji machafu hadi baharini. Samaki wa bahari hiyo ndio kitoweo chetu.

Kwa hivyo nguo iliyokutosheleza mpe mwingine ikiwa bado ina heshima. Sadaka ya nguo ni ile ambayo wewe mwenyewe hungeona haya kuivaa. Iliyochakaa kabisa, ikiwa ni ya pamba, ikate matambara ya jikoni. Iliyo ya poliesta, itumie hadi mwisho kabla ya kununua nyingine.

Kwa anayeanza mwezi huu

Usijaribu kukamilisha yote kwa mara moja. Mwezi wa kwanza tumia fungu la pili tu: fundi, zipu, vifungo, pasi. Mwezi wa pili nunua nguo zinazogusa mwili hadi zifike tano, kwa kuwa upungufu wake ndio unaoonekana. Mwezi wa tatu viatu, jozi moja ya ngozi inayoweza kushonwa tena soli. Mwezi wa nne nguo ya chini inayokosekana. Wa tano koti au buibui la tatu. Mwezi wa sita usinunue kitu. Fungua daftari, uone ni nguo gani hukuivaa hata mara moja, na usirudie kununua ya aina hiyo.

Baada ya hapo sheria ni moja: inapoingia nguo moja, moja itoke, kwa fundi, kwa sadaka au kwa matambara. Wengi kati ya watu wanaoniuliza juu ya jambo hili hudhani wanahitaji nguo zaidi. Nikiwaambia wahesabu siku zao za kufua, wengi hurudi na jibu kuwa wanachokosa ni mashati mawili na jioni moja ya Jumatano.